Shaka na muda wa kuitikia: kwa nini taa nane hazikucheleweshi mara nne ya taa mbili

#1 Chonjo

Wakuu, salaam. Kila baada ya muda mtu anaandika kwamba "machaguo yakiwa mengi ubongo unachelewa", halafu anaishia hapo. Kuchelewa unachelewa, ila kwa mpangilio unaopimika, na kinachouchelewesha si wingi wa vitu vilivyo mbele yako. Ni ukubwa wa shaka uliyokuwa nayo kabla ishara haijatokea. Uzi huu ni kwa wanaofundisha saikolojia, wanaounda programu, na yeyote anayetaka kupima mwenyewe bila maabara.

Tuanze na namba za zamani. Mwaka 1885 Mjerumani Julius Merkel aliwaonyesha watu tarakimu, kila tarakimu ikiwa na kidole chake cha kujibu. Hii ni wastani wa muda kwa milisekunde, kulingana na idadi ya alama zilizoweza kutokea:

1 → 187
2 → 316
3 → 364
4 → 434
5 → 487
6 → 532
7 → 570
8 → 603
9 → 619
10 → 622

Alama ya pili peke yake imeongeza 129. Ya kumi imeongeza 3. Sasa ruka kwa kuzidisha mara mbili: 1 hadi 2 ni 129, 2 hadi 4 ni 118, 4 hadi 8 ni 169. Hazilingani kabisa, lakini zinakaribiana kuliko ungetegemea. Kila unapozidisha machaguo mara mbili unaongeza kiasi kinachokaribia kuwa kilekile. Hiyo ndiyo tabia ya logi.

Merkel alikuwa na namba, hakuwa na kipimo cha shaka. Kipimo kilikuja 1948, Claude Shannon alipoweka hesabu ya habari katika biti. Biti 1 ni shaka kati ya vitu viwili vyenye nafasi sawa; vinne ni biti 2, vinane ni biti 3. Mwaka 1952 W. E. Hick wa Cambridge akaweka taa ndogo kumi na vitufe kumi, kila kidole na chake, akaonyesha kwamba muda unapanda sambamba na biti. Mwaka uliofuata Mmarekani Ray Hyman akafunga mjadala kwa namna ninayoiona bora zaidi: alibadilisha shaka kwa njia tatu. Kwanza idadi ya taa. Pili, idadi ileile lakini baadhi zikiwaka mara nyingi kuliko nyingine. Tatu, idadi na mgawanyo uleule, ila taa iliyotangulia inakupa fununu ya inayofuata. Njia zote tatu zikaangukia karibu na mstari mmoja.

Muda = a + b × H

a ni gharama ya kuona na kusogeza kidole, H ni shaka kwa biti, b ni bei ya kila biti.

---

#2 Kipanga

Umeeleza vizuri mkuu. Ila kupata H, vitabu vingine vinaandika logi ya n (idadi ya machaguo), vingine logi ya n+1. Ipi ni ipi?

---

#3 Chonjo

Hiyo +1 ni ya Hick. Hoja yake: anayesubiri hana shaka ya "ipi itawaka" tu, ana shaka pia ya "imewaka au bado". "Bado" inahesabika kama chaguo mojawapo, kwa hiyo taa 1 ni machaguo 2. Jaribu kwa namba za Merkel, gawanya muda kwa logi ya msingi 2 ya (n+1):

n = 1: 187 ÷ 1.00 = 187
n = 2: 316 ÷ 1.585 = 199
n = 4: 434 ÷ 2.32 = 187
n = 8: 603 ÷ 3.17 = 190
n = 10: 622 ÷ 3.46 = 180

Karibu 190 kwa biti, bila hata kuhitaji a. Ukitumia njia ya Hyman (logi ya n bila +1, pamoja na a) kwa n = 1, 2, 4 na 8 unapata a ≈ 180 na b ≈ 137. Kwenye Excel weka biti safu A na muda safu B, halafu SLOPE (ndiyo b) na INTERCEPT (ndiyo a). Kwa kazi ya kawaida tumia ya Hyman, kwa sababu inakubali machaguo yasiyo na nafasi sawa. Ya Hick ni tamu kwa jaribio ambalo ishara haitangazwi.

---

#4 Fundi_Karata

Wasio na kompyuta watumie karata. Crossman alifanya hivyo 1953 na darasani inafanya kazi mpaka leo. Usitumie karata za duka: kopa na uru zote nyekundu, shupaza na pau zote nyeusi, kwa hiyo ukitenganisha kwa rangi mtu anatazama kitu kimoja, ukitenganisha kwa aina anatazama kingine. Unakuwa umebadilisha vitu viwili kwa mpigo.

Kata manila vipande vya ukubwa wa karata, andika tarakimu kwa kalamu nene. Unahitaji pakiti nne za vipande 32:

Pakiti A: tarakimu 1 na 2, kila moja 16 (biti 1)
Pakiti B: 1 hadi 4, kila moja 8 (biti 2)
Pakiti C: 1 hadi 8, kila moja 4 (biti 3)
Pakiti D: 1 hadi 4, lakini "1" ziwe 16, "2" ziwe 8, "3" na "4" ziwe 4 kila moja

Pakiti D ndiyo kiini cha somo. Mafungu ni manne kama B, ila shaka ni biti 1.75 tu: 0.5×1 + 0.25×2 + 0.125×3 + 0.125×3. Kama kinachochelewesha ni idadi, B na D zilingane. Kama ni shaka, D iwahi.

Changanya vizuri, shika kifudifudi, funua moja moja na kuiweka kwenye fungu lake, ukipima tangu "haya" mpaka ya mwisho imetua. Halafu pima ugawaji wa bure: mezani mpangilio uleule, karata zinafunuliwa, lakini zinawekwa kwa zamu 1, 2, 3, 4 bila kusoma. Toa muda huu kwenye ule, gawanya kwa 32. Mfano wa kuonyesha njia tu: kuchagua sekunde 32.0, ugawaji wa bure 19.2, tofauti 12.8, gawa kwa 32, unapata milisekunde 400 kwa karata.

---

#5 Mama_Takwimu

Naongezea mitego ya karata, maana wanafunzi huleta grafu za ajabu na lawama zote anabebeshwa Hick.

Mafungu manane yakipangwa kwa mstari ulionyooka, la nane liko mbali na la kwanza. Mkono unasafiri zaidi, na safari hiyo unaihesabu kama shaka. Panga kwa nusu duara, kila fungu umbali wa sentimeta 30 hivi kutoka pale mkono unapochukulia karata. Na nusu duara hiyohiyo itumike kwenye ugawaji wa bure.

Karata 32 zina mwisho. Anayejua kwamba "4" ziko nne tu, akishaona nne anaifuta kichwani, shaka inapungua bila wewe kuipanga. Usimwambie idadi. Kwenye D mwambie tu kwamba hazilingani, kisha mpe duru mbili za mazoezi azoee mgawanyo.

Mpangilio wa kupima nao una madhara. Ukianza A kila mara na kumalizia C, mtu anafika C akiwa ameshakolea, na mstari unalala. Nusu ya watu waanze C.

Tena, msilinganishe b ya karata na b ya vitufe. Mwenye karata anafunua inayofuata huku mkono mwingine bado unaweka iliyopita, sehemu ya kuchagua inajificha ndani ya mwendo. b ya karata hutoka ndogo, na hiyo si kosa.

---

#6 Kibodi_Kimya

Kwa wenye kompyuta: PsychoPy au OpenSesame, programu za kuendesha majaribio, zote za bure. Vitufe A S D F J K L na kile kinachofuata, vidole vinane. Alama iwe karibu na kidole chake: miraba minane kwenye mstari skrini, wa kushoto kabisa kwa kidole cha kushoto kabisa. Ukivuruga ulinganifu huo b inapanda ghafla. Fitts na Seeger walionyesha 1953, kwa mipangilio ya taa na ya majibu, kwamba ulinganifu ukivurugika muda na makosa hupanda.

Kwa n = 2 usitumie vidole vya shahada peke yake. Vidole vya mwisho ni vizito, kwa hiyo n = 8 itaonekana mbaya kwa sababu ya vidole badala ya shaka. Zungusha jozi: F na J duru moja, A na J nyingine, S na L nyingine.

Majaribio 20 ya kuzoea, 64 ya kuhesabu kwa kila n. Tupa majibu chini ya milisekunde 100 (huyo alibahatisha), tupa makosa na jaribio linalofuata kosa, kisha chukua mediani badala ya wastani, maana mtu akipiga chafya mara moja wastani unaruka.

Kuhusu ucheleweshaji wa mashine: skrini ya hertsi 60 inabadilika kila milisekunde 16.7, na kibodi nyingi za USB husomwa kila milisekunde 8. Watu hupaniki hapa bure. Ucheleweshaji usiobadilika unaingia wote kwenye a, b haiguswi. Kwa hiyo kibodi ya bei rahisi inatosha kupima bei ya biti, ila usiende kutangaza kwamba "mwitikio wangu ni 231" na kushindana na mwenye mashine nyingine. Kwenye kioo cha simu tatizo ni jingine: kidole kinaelea hewani na kinasafiri, kwa hiyo unapima safari.

---

#7 Kipanga

Sasa muda wa kusubiri kabla ya alama tuuweke uleule, mfano sekunde 1 kila mara, au tuubadilishe?

---

#8 Kibodi_Kimya

Kuna shaka mbili hapa, msizichanganye: shaka ya *kipi* na shaka ya *lini*. Ukiweka sekunde 1 kila mara, "lini" inakufa, mtu anaanza kupiga kwa mdundo kama mcheza ngoma. Ukitawanya kati ya sekunde 1 na 3 kwa nafasi sawa unazaa jambo jingine: sekunde ya 2.8 ikifika bila alama, mtu anajua haina budi kuja, anakaa mkao, na majibu ya mwisho yanakuwa ya haraka kuliko ya mwanzo. Tiba ni kuweka majaribio machache yasiyo na alama kabisa, kama moja kwa kumi, na kutumia utaratibu uleule kwa kila n. La maana ni usawa kati ya duru.

---

#9 Dereva_Mstaarabu

Hilo la *lini* ndilo linaloua barabarani. Uhakiki wa Marc Green wa mwaka 2000 uliweka muda wa kufikia breki hivi: dereva anayetegemea ishara, sekunde 0.7 hadi 0.75, ishara ya kawaida asiyoitegemea, kama taa za breki za gari la mbele, 1.25, jambo la kushtukiza kabisa, 1.5.

Weka kwenye kilomita 80 kwa saa, yaani mita 22.2 kwa sekunde. Anayetegemea anakula mita 15.5 kabla mguu haujagusa breki. Aliyeshtukizwa anakula mita 33. Mguu ni uleule, gari ni lilelile, breki hazijaanza kazi bado. Na bodaboda inayochomoka kati ya daladala mbili inakupa shaka zote kwa pamoja: hukujua lini, na hujui kama ni breki, usukani au honi.

Kozi za udereva wa kujihami ndiyo maana zinafundisha kuweka mguu juu ya breki bila kukanyaga unapopita kituoni. Hujaongeza wepesi wa mguu. Umeshachagua kabla.

---

#10 Kitufe_Kimoja

Mimi niko upande wa programu, na naomba nipinge matumizi moja yaliyozagaa. Utasikia "sheria ya Hick inasema menyu iwe fupi, kwa hiyo gawanya". Fanyeni hesabu. Vitu 64 ni biti 6 hata ukivigawa vipi. Ukitumia a = 180 na b = 137:

Ngazi 1 ya vitu 64: 180 + 822 = 1,002
Ngazi 2 za vitu 8: 360 + 822 = 1,182
Ngazi 6 za vitu 2: 1,080 + 822 = 1,902

Bei ya biti haibadiliki, unacholipa upya kila ngazi ni a. Fomula yenyewe inakataza kukatakata. Sasa weka USSD (zile menyu za simu za kupiga nyota), ambako kila ngazi unasubiri mtandao ujibu na mtu anaweza kutupwa nje njiani. Kule tunakata kwa sababu ujumbe mmoja unabeba herufi 182 tu, Hick hahusiki.

La pili: fomula inamhusu mtu anayejua tayari kila chaguo liko wapi. Mgeni kwenye menyu hachagui, *anasoma*: mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Muda wake unapanda kwa mstari mnyoofu, kulingana na idadi. Anayetuma pesa kila siku hasomi chochote, anajua "1" kabla skrini haijafunguka; shaka yake ni karibu sifuri hata menyu ikiwa na vitu tisa. Ndiyo maana ukihamisha "Tuma Pesa" kutoka 1 kwenda 3 eti kuboresha, siku hiyo utapata malalamiko na miamala iliyokosewa. Umemrudisha mzoefu kwenye kusoma, tena akiwa na kidole kilichozoea 1.

---

#11 Mama_Takwimu

Swadakta. Na kuna mahali ambapo b inakufa hata maabara. Leonard, 1959: kidole kikitikiswa na kitufe chenyewe, na jibu ni kubonya kwa kidole hichohicho, kutoka 2 kwenda 8 muda haupandi. Ulinganifu ni kamili, hakuna cha kutafsiri. Mwaka huohuo Mowbray na Rhoades walimfanyisha mtu makumi ya maelfu ya majaribio mpaka 2 na 4 zikalingana. Na kutaja tarakimu uliyoiona nako hakujali sana kama zingeweza kuwa mbili au kumi, kwa sababu umefanya mazoezi hayo tangu darasa la kwanza.

Ukipiga kete za nasibu kuna uchafu mwingine unaopenya: marudio. Kwa n = 2, nusu ya alama ni marudio ya iliyotangulia; kwa n = 8, moja kwa nane. Marudio hujibiwa haraka. Kwa hiyo sehemu ya mteremko wenu ni marudio yanayopungua, jambo alilolisisitiza Kornblum 1969. Mkichora grafu, choreni mistari miwili: marudio peke yake, yasiyo marudio peke yake. Wa marudio hulala zaidi.

---

#12 Golikipa_Namba_1

Penalti je? Mita 11, mpira wa kilomita 100 kwa saa ni mita 27.8 kwa sekunde, unafika kwa sekunde 0.4.

---

#13 Chonjo

Ndiyo. Machaguo mawili ni kama 0.3 kwa vitufe vya Merkel, umebakiwa na 0.1 ya kuruka mpaka nguzo iliyo mita 3.66 kutoka katikati. Haiwezekani. Kipa anayesubiri mguu uguse mpira amechelewa, kwa hiyo anapunguza H mapema: mguu wa kusimamia umeelekea wapi, nyonga imefunguka au la, huyu mpigaji mara nyingi hupiga upande gani. Mpigaji naye anajua, ndiyo maana anasita hatua ya mwisho kuirudisha biti yake.

Mbio fupi ni kinyume chake: hakuna *kipi*, kuna *lini* tu, na sauti huitikiwa haraka kuliko taa. Kanuni inahesabu chini ya sekunde 0.100 kuwa umewahi. Devon Allen alitolewa fainali ya mita 110 kuruka viunzi, Eugene 2022, kwa 0.099. Anayeanzisha mbio hubadilisha urefu wa kusubiri kati ya "tayari" na mlio ili watu wasihesabu kichwani.

---

#14 Kipanga

Nimeendesha ya vitufe. Mshiriki mmoja ana b = 40 tu, lakini makosa yake kwenye n = 8 ni asilimia 14. Nimtoe?

---

#15 Mama_Takwimu

Usimtoe, mhesabu upya. Anauza usahihi kununua kasi. Hick mwenyewe aliliona hili: watu wakiharakishwa wanakosea zaidi, lakini habari wanayopitisha kwa sekunde haibadiliki sana.

Chukulia makosa yametawanyika sawa kwenye vitufe saba vingine. Habari iliyopotea ni:

0.14 × logi2(1/0.14) = 0.40
0.86 × logi2(1/0.86) = 0.19
0.14 × logi2(7) = 0.39

Jumla 0.98. Toa kwenye 3, inabaki 2.02. Ulimwekea biti 3, amekujibu biti 2. Kwa shaka aliyoiondoa, huyo alikuwa anachagua kati ya miraba minne. Msogeze kwenye grafu mpaka 2.02, fanya hivyo kwa kila n, halafu chora mstari upya. Kabla ya hapo kagua makosa yenyewe: kama karibu yote ni kidole jirani, amepoteza kidogo kuliko hiyo 0.98, na itabidi utumie jedwali kamili la alama kwa jibu, 8 kwa 8. Lilete hapa tulihesabu.